Maneno Machache, kwa Sauti ya Chini

Pasiansi, Mwanza
Jumapili, 24 Machi 1996. Asubuhi mawingu mazito, baridi kidogo. Mvua ilitukuta stendi ya Magu ikakatika kabla ya Kisesa.

Wajina wangu mpendwa, Bibi Kabula,

Shikamoo. Najua hukuipenda salamu hii. Ulisema ni fupi mno, kama mtu anayekunyooshea kikombe cha maji mlangoni halafu anaondoka kabla hujanywa. Lakini ndiyo salamu niliyokulia, na barua hii naiandika kwa Kiswahili, lugha ambayo wewe uliitumia sokoni na zahanati tu. Hata ningeiandika kwa Kisukuma usingeisoma. Basi sijui hasa naiandika ya nini. Nimezoea kuandika kila siku, na leo nikifungua shajara yangu naona nina mtu mmoja tu wa kumweleza.

Jana tumeondoa matanga yako. Jana ndiyo ilikuwa siku ya kujua kama mimi ni Kabula kweli, au hilo ni jina lililobaki kwenye kadi yangu ya kliniki.

Unakumbuka ulivyokataa kuniita Vero? Kanisani niliandikwa Veronika, shuleni Vero, nyumbani Vero. Wewe ulikunja uso. "Velo ni mtu gani? Mimi nimemzaa baba yako, na baba yako akanizaa mimi. Wewe ni mimi." Nikiwa mdogo jambo hilo lilinichekesha. Nilikuwa nakutazama meno yako yaliyobaki na kujiuliza yangu yatang'oka lini.

Kwetu wajukuu ni watani wa babu na bibi, hata msibani. Mjukuu aliyebeba jina la marehemu huvaa nguo yake, hukaa kwenye kigoda chake, akaongea kama yeye na kugomba kama yeye, na watoto wa marehemu huja kumsalimu mama yao kwa mara ya mwisho. Watu hucheka huku wanalia. Akifanya vizuri, kanga na kigoda ni vyake, na pale nyumbani ataitwa kwa jina hilo mpaka naye azeeke. Hayo ulinieleza mwenyewe, tukichambua pamba, na mimi nikayaandika. Niliyaandika vizuri sana. Hata mstari nilipiga chini ya neno "kugomba".

Nianze na Anneke, maana bila yeye nisingekuja kuishi kwako mwaka mzima. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nipo nipo tu nyumbani. Baba alikuwa amepunguzwa kiwandani pamoja na wenzake, anahangaika na biashara ya mapanki, yale mabaki ya sangara yanayotoka viwanda vya minofu. Tukasikia kuna mwanafunzi wa Kizungu anatafuta msichana aliyesoma, mwenye kwao Magu, amsaidie kujifunza Kisukuma na kuandika jinsi watu wanavyosalimiana. Baba akasema, "Vero anatosha." Hakuna aliyeuliza kama Kisukuma ninakijua.

Nilikuwa nakisikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Mama ni Mjita, baba Msukuma, majirani zetu Wahaya na Wakerewe, kwa hiyo ndani ya nyumba yetu kila mtu alikutana na mwenzake kwenye Kiswahili. Nilifika kwako nikiwa mkalimani anayehitaji mkalimani. Siku ya kwanza Anneke aliniuliza umesema nini, nikamgeukia Minza, binti wa Shangazi Kwandu, na Minza akacheka mpaka akaketi chini. "Mama yangu! Wazungu wawili!"

Tangu siku hiyo Minza aliniita Karani. "Karani, bibi kapiga chafya, andika!" Yeye uliishi naye tangu akiwa anatambaa. Alikuwa ameanza kuuza mitumba pale mnadani, na jioni alirudi na makoti ya nchi za baridi, anayavaa yote kwa pamoja na kutembea uani kama bibi harusi, wewe ukimwambia aondoe mizoga ya watu nyumbani kwako.

Anneke alikuwa na utaratibu wake. Kila jioni tuliandika, kila mmoja kwenye daftari lake. Ukurasa wa kulia, uliyoyaona na kuyasikia. Ukurasa wa kushoto, wewe mwenyewe ulikuwa nani ulipoyaona: ulikaa wapi, uliogopa nini, ulielewa nini vibaya. Yeye ukurasa wake wa kushoto ulijaa kila siku. Aliandika kwamba ameona aibu kwa kupita katikati ya wazee waliokuwa wanazungumza, kwamba amekumbuka kwao, kwamba amekasirika bila sababu kuku alipoingia chumbani kwake. Nilishangaa. Shuleni tulifundishwa kwamba ripoti nzuri haina mimi ndani yake. Wangu wa kulia ulikuwa umejaa, una tarehe, una vichwa vya habari. Wa kushoto niliandika, "Mimi: mzima."

Anneke akaniuliza siku moja, "Vero, huyu mzima ni nani? Namwona kila siku lakini simjui."

Nikamjibu kwamba mimi ni mtu wa huku, sina cha kujiandika. Mgeni ndiye wa kujieleza.

Somo lenyewe lilikuwa asubuhi. Ulikaa kwenye kigoda mbele ya jiko, na mimi nilitoka ndani, nikapiga magoti, nikainamisha macho nikasema, "Mwangaluka." Ukaitikia. Ukauliza mimi wa nani. Nikajibu. Ukauliza wa nani tena, nyuma ya huyo, na nyuma yake. Kisha habari za nyumba, za ng'ombe, za shamba, za huko nilikotoka, ambako ni chumba cha pili. Nikiinuka mapema ulinishika bega na kunirudisha chini. "Salamu haijaisha. Unakimbilia wapi, kuna moto?" Nikipiga magoti vibaya ulinigonga goti kwa mwiko. Mara nyingi nilikosea. Mwisho nikajua. Shangazi Kwandu mwenyewe alisema msichana wa mjini sasa anapiga magoti kuliko watoto wa hapa, na mimi usiku nikaiandika sifa hiyo neno kwa neno, ukurasa wa kulia.

Wewe ulikuwa na mchezo wako pia. Anneke akiondoka kwenda kuoga, ulichukua bua la mtama, ukainua pua, ukaanza kuandika kwenye kiganja. "Ee? Ee? Sema tena, bibi. Polepole, bibi." Sauti ilikuwa yangu kabisa. Ulilamba kidole ukafungua ukurasa hewani. Minza alikuwa anajishika mbavu. Mimi nilicheka kidogo, kwa adabu, nikisubiri umalize ili turudi kwenye habari ya kurithi ng'ombe.

Na maneno yako. Mwaka ule wanunuzi wa pamba walikuwa wengi, kila mtu na mzani wake, na ushirika umekaa kimya. Kijana mmoja alikuja na pikipiki kuisifia bei yake. Ulimsikiliza mpaka mwisho, ukasema, "Siku hizi pamba ina wachumba wengi. Tutaona nani ataoa." Akaondoka anacheka. Hilo ninalo. Ninalo kwa Kiswahili. Ndivyo Minza alivyonitafsiria, na ndivyo nilivyoandika. Ulivyolisema wewe, kwa Kisukuma chako, na kwa mdomo ule ulioupinda upande, sinalo.

Sasa nifike kwa baba. Alikuja kukuona kila alipopata nafasi. Nakumbuka anavyoingia uani, kofia mkononi, anachuchumaa mbele ya kigoda. Nimefungua daftari sasa hivi, nakunukulia: "Salamu za mama na mwanawe mtu mzima. Mama hushika mkono wa kulia wa mwana kwa mikono yake yote miwili. Husema maneno machache, kwa sauti ya chini. Mwana hujibu kwa neno moja. Kisha mama huingia ndani na kumletea michembe, vile viazi vikavu, na maziwa, hata kama si wakati wa kula."

Anneke aliposoma aliuliza, "Maneno gani?"

Nikamwambia, "Ya kawaida tu."

Sikuyasikia, Bibi. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Kusogea karibu kungekuwa utovu wa adabu, na kukuuliza baadaye niliona ni jambo dogo, kulikuwa na mambo makubwa ya kuuliza. Kushoto niliandika, mimi mzima.

Anneke alirudi kwao, mimi nikarudi Pasiansi, na ulipoanza kuugua mwezi wa pili tulidhani ni malaria ile ya kila masika. Tulifika Magu jioni ukiwa umeshafungwa sanda.

Siku ya kukuzika walinivisha kanga yako, ile ya kahawia yenye korosho zilizofifia. Ilikuwa na harufu ya moshi na siagi. Wakaniketisha kwenye kigoda. Uani pamejaa watu, na Shangazi Kwandu akatangaza, "Haya, Kabula huyo, hajaenda mbali!" Watu wakapiga vigelegele. Nilikuwa na hakika. Kati ya wajukuu wote, nani alikuwa amekutazama kama mimi?

Wa kwanza kuja alikuwa baba. Kofia mkononi, macho mekundu. Alichuchumaa mbele yangu kama alivyokuwa anafanya kwako. Akaniita mama: "Mwangaluka, mayu."

Na mimi nikainuka kwenye kigoda nikapiga magoti.

Sikufikiri. Mzazi wangu alikuwa mbele yangu, na ulikuwa umenifundisha. Magoti yalikwenda yenyewe, vizuri, sawasawa, macho chini. Mama na mwanawe, wote tuko chini, kigoda kitupu katikati. Baba alinitazama, akasema kwa Kiswahili, "Mama hanipigii magoti mimi." Halafu akalia kwa sauti, na haikuwa kilio cha kuchanganyika na kicheko. Wazee wakamshika wakamtoa. Hakuna aliyenigombeza. Shangazi alinivua kanga taratibu kama unavyomvua mtoto aliyejichafua, akasema, "Basi, mwanangu. Siku ya matanga utajaribu tena. Ukishindwa atakaa Minza."

Nilirudi Pasiansi nikasoma madaftari yote. Nilipanga kila kitu: ulivyokaa, ulivyokohoa, ulivyoita kuku. Nilifunga mlango wa chumba nikajaribu. Mama alinikuta akitoka zamu hospitalini, bado kavaa sare yake nyeupe. Akasimama kidogo. "Unaumwa?" Nikasema hapana. "Unafanya nini?" Nikasema, "Bibi." Akanitazama kama anavyowatazama wagonjwa wake, akaenda kulala.

Kila nilichofungua mdomo kukisema kilitoka kama taarifa. Marehemu alikuwa na desturi ya kugomba. Nilijua unagombaje, nani, na kwa sababu gani. Kugomba kwenyewe sikuweza.

Jana asubuhi, matanga. Kanga, kigoda, watu. Minza alikuwa nyuma yangu, akaninong'oneza, "Karani, usiogope. Sema lolote, watacheka tu. Mtukane mtu." Nikamwambia simjui wa kumtukana. "Nitukane mimi!" Nikajaribu. Nikasema kitu kuhusu makoti yake. Hata mtoto hakucheka. Watu walianza kutazama pembeni, wale wenye huruma.

Chini palikuwa na bua la mtama. Nikaliokota. Sikupanga, na hilo halimo kwenye daftari lolote, maana sikuwahi kuliandika. Nikainua pua. Nikaandika kwenye kiganja. "Ee? Ee? Sema tena, bibi. Polepole, bibi." Nikalamba kidole.

Uani palilipuka. Vizee vilipiga mapaja, watoto wakaanguka, Minza akapiga ukunga: "Bibi! Bibi huyo!" Hata mimi niliusikia mdomo wangu umepinda upande kama wako. Kwa muda mfupi ulikuwepo, Bibi, naapa. Ulikuwepo unanicheka mimi. Ni hapo nilipoelewa ni mara ngapi ulikuwa umenitazama, na kwa makini gani, wakati mimi nasubiri umalize mchezo.

Kisha baba akaja.

Kicheko kikakatika. Kofia mkononi. Akachuchumaa. "Mwangaluka, mayu." Safari hii sikuinuka. Niliitikia. Nikauchukua mkono wake wa kulia kwa mikono yangu yote miwili, kama ilivyoandikwa. Akainua uso na kusubiri.

Alisubiri yale maneno machache. Nilimwona anayasubiri. Uso wake ulikuwa wazi kama wa mtoto, na mimi nina mkono wake, nina kanga yako, na sina neno. Nilifikiria niseme lolote kwa sauti ya chini, asisikie mtu. Lakini yeye angesikia. Yeye peke yake alikuwa anayajua.

Alisubiri mpaka watu wakaanza kukohoa. Akatoa mkono wake polepole, akapangusa goti lililogusa vumbi, akasema, "Basi."

Shangazi akampa Minza kanga. Ni sawa. Minza aliivaa, akakaa, na kabla hata hajatulia akamfokea mjomba mmoja kwamba amekuja matangani na viatu vya kuazima, na ni kweli vilikuwa vya kuazima. Kila mtu alicheka na kulia kwa pamoja kama inavyotakiwa. Baba hakurudi kusalimu mara ya pili. Alikuwa nje kwenye kivuli cha nyumba, anatazama shamba lako.

Leo tukiwa stendi, tumejibanza chini ya bati la duka, mvua inapiga, nikamwuliza. "Baba, bibi alikuwa anakuambia nini?"

"Lini?"

"Kila ukifika. Akikushika mkono."

Akavua kofia, akaikung'uta maji.

"Alikuwa ananiuliza kama nimekula."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu. Na mimi namwambia, nimekula." Akavaa kofia. "Tangu kiwanda kipunguze watu, siku nyingine nilikuwa sijala."

Basi likaja. Tukapanda.

Nimekaa na jambo hilo tangu mchana. Niliandika kwamba michembe ililetwa hata kama si wakati wa kula. Niliweka chini ya kichwa cha habari "Ukarimu". Ulijua anadanganya. Ulikuwa unamuuliza chini chini ili mimi nisisikie kwamba baba yangu ana njaa. Na mimi nilikuwa mlangoni nimeshika kalamu.

Jioni mama alikwenda zamu. Nilipika ugali na dagaa, nikafunika sahani ya baba mezani kwa sababu alikuwa kwa jirani anapokea pole. Aliporudi alikuwa amechoka, akaketi upande wa dirisha. Nilimfuata. Nilichuchumaa, nikashika mkono wake wa kulia kwa mikono yangu yote miwili. Nikamwuliza kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, maana ndicho nilicho nacho.

"Baba, umekula?"

Aliutazama mkono wake mikononi mwangu.

"Nimekula, mwanangu," akasema.

Mwanangu. Nikabaki nimeshika mkono. Sikujua kama ni kweli. Wewe ungejua. Nilikwenda nikafunua sahani nikamsogezea. Akatikisa kichwa, akaniambia nisijisumbue, akaingia kulala. Nimeifunika tena, nikaipeleka jikoni. Sahani ipo huko na mimi nipo hapa mezani na taa ya chemli, umeme umekatika. Nimefungua ukurasa wa kushoto. Nimeandika "Mimi:" na kalamu imesimama hapo, kwa sababu lile neno la kila siku leo halikubali kukaa.

Usiniangalie sana huko uliko. Au niangalie, unicheke, chukua bua lako. Mwamkie Minza kwa jina lako, ni lake sasa, analiweza. Mimi sina la kukuaga nalo. Salamu yangu ni ile ile fupi, na aliyenifundisha ile ndefu hayupo kuitikia.

Mjukuu wako,
Vero

Nililala saa nane na nusu usiku, baada ya kusikia nyayo za baba jikoni, na mfuniko wa sahani ukiwekwa chini.